Jinsi ya Kusoma Elementi Haba za Kimondo Hadi Kulitambua Gimba Mama Lake

Kimondo kinapofika maabara, chuma, silikoni, magnesi na oksijeni hueleza ni madini gani yaliyomo, lakini hazielezi sana kilikotoka, kwa kuwa elementi hizo ndizo zilizounda karibu kila gimba la mawe linalolizunguka Jua. Habari za asili yake hupatikana zaidi katika elementi haba, yaani zile ambazo kiasi chake huhesabiwa kwa gramu kwa tani, kama wachimbaji wa dhahabu wanavyohesabu, au chini ya hapo. Kwa kawaida elementi hizi hazitoshi kuunda madini yake zenyewe, kwa hiyo hujipenyeza katika madini ya elementi nyingine, na kila mwamba unapoyeyuka, chuma kinapojitenga au fuwele zinapoganda, hugawanyika kwa kanuni zinazoweza kupimwa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayeanza, ambaye ana jedwali la vipimo mbele yake au yuko karibu kulipata, na anataka kufikia kauli inayoweza kutetewa juu ya gimba mama, yaani asteroidi, mwezi au sayari ambamo kimondo kilimeguka. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba namba ya elementi haina maana mpaka ujue elementi yenyewe hufuata nini: chuma, mwamba, au mvuke. Wanaoanza kwa kulinganisha namba zao na orodha za vitabuni, bila kuuliza swali hilo, mara nyingi hupata jina la kundi bila kuelewa kwa nini ni kundi.

Usafi wa sampuli

Uchafu wa maabara unaweza kufanana kabisa na historia ya angani, kwa hiyo kazi huanza kabla chombo cha kupimia hakijawashwa. Saga sampuli ya mawe katika kinu cha akiki, wala usitumie kinu cha kabidi ya wolframi, kwa sababu huacha wolframi, kobalti na tantali ndani ya unga. Vua pete na bangili. Dhahabu iliyomo katika kimondo cha mawe ni sehemu ndogo ya gramu kwa tani, na msuguano mwepesi wa pete unatosha kuizidi. Kwa kimondo cha chuma, kata kipande kilicho mbali na vinundu vya troiliti, ambavyo ni salfidi ya chuma, la sivyo utakuwa umepima mchanganyiko ambao haukuwahi kuwepo.

Kiasi cha unga nacho kina uzito wake. Kondriti, yaani kimondo cha mawe ambacho hakijawahi kuyeyuka chote, ni mkusanyiko wa chembe zisizofanana, na kipande kidogo mno kinaweza kuangukia chembe moja yenye elementi fulani kupita kiasi. Ndiyo maana taasisi ya Smithsonian huko Washington ilisaga kilo 4 za kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico tarehe 8 Februari 1969, ili maabara za dunia nzima zipate unga wa aina moja wa kulinganishia. Ukiweza kupata unga huo, upime pamoja na sampuli yako katika siku ileile na kwa taratibu zilezile.

Unga wa mawe huyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki na ya nitriki ndani ya vyombo vya Teflon vilivyofungwa na kupashwa joto, kwa sababu madini ya spineli na kromiti hukataa kuyeyuka katika chombo kilicho wazi. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili. Usiishike bila msimamizi wala bila jeli ya kalsiamu glukonati kuwa karibu.

Katika spektromita ya tungamo yenye plazma, yaani chombo kinachogeuza sampuli kuwa ioni ndani ya gesi ya moto sana na kuzipanga kwa tungamo, ambacho ndicho hutumika zaidi siku hizi, tatizo kubwa ni ioni mbili tofauti zenye tungamo moja. Bari ikiungana na oksijeni ndani ya plazma hutoa tungamo 151 na 153, ambazo ndizo tungamo mbili za europi. Nikeli 58 ikiungana na oksijeni hutoa 74, ambayo ni ya gerimani, na katika kimondo cha chuma nikeli ni nyingi kuliko gerimani mara mamia hadi mamilioni. Pima myeyusho wa bari peke yake na wa nikeli peke yake, ukokotoe kiasi cha oksidi kinachozaliwa, kisha ukitoe. Njia ya zamani, ya kuiweka sampuli katika kinu cha nyuklia na kupima miale ya gama inayotoka, haina shida hii, na kwa dhahabu na iridi za vimondo vya chuma bado naiamini sana.

Limebaki suala moja: ardhi yenyewe imeongeza nini? Vimondo vilivyolala maelfu ya miaka katika jangwa la Oman hukusanya stronti na bari kutoka kwenye udongo, na bari hiyo huja kuharibu kipimo cha europi kwa njia iliyoelezwa hapo juu, ikiwa haikusahihishwa. Katika baadhi ya vimondo vya Antaktika ni seri inayopotoka, kwa kuwa inaweza kuoksidishwa na hivyo kuachana na jirani zake katika jedwali la elementi, lanthani na praseodimi. Ukikuta seri iko juu au chini peke yake huku hizo mbili zimetulia, shuku maji ya dunia kwanza.

Gawanya kwa Ivuna

Namba ghafi hazisomeki. Elementi zenye namba shufwa ya atomi ni nyingi ulimwenguni kuliko jirani zake zenye namba witiri, hivyo mchoro wa lanthani, seri, praseodimi na kuendelea hupanda na kushuka kama meno ya msumeno hata pasipo tukio lolote la kijiolojia. Dawa yake ni kugawanya kila kipimo kwa kiasi cha elementi hiyohiyo katika kimondo kinachowakilisha malighafi ya mwanzo ya mfumo wa Jua.

Malighafi hiyo inawakilishwa na kundi la kondriti liitwalo CI, na herufi I ni ya Ivuna. Kimondo cha Ivuna kilianguka tarehe 16 Desemba 1938 karibu na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Songwe, Tanzania. Kilichookotwa ni takriban gramu 705 tu. Kwa sababu ya uchache huo, vipimo vingi vya kundi hili vimetoka katika kimondo cha Orgueil kilichoanguka Ufaransa tarehe 14 Mei 1864. Ukiacha gesi adimu, hidrojeni, kaboni, nitrojeni, oksijeni na lithi, uwiano wa elementi za kundi hili unakaribia sana ule unaopimwa katika mwanga wa uso wa Jua, na hiyo ndiyo haki yake ya kuwa kipimo.

Thamani utakazohitaji mara kwa mara, kwa gramu kwa tani, ni hizi: lanthani 0.235, seri 0.60, samari 0.147, europi 0.056, gadolini 0.197, luteti 0.024, gali 10, gerimani 33, iridi 0.48 na dhahabu 0.14. Nikeli ni karibu asilimia 1.1. Majedwali ya watafiti mbalimbali hutofautiana kidogo, kwa hiyo chagua moja, litaje, na usichanganye.

Maswali mawili kwa kila elementi

Swali la kwanza ni la urafiki. Iridi, osmi, dhahabu, nikeli, gali na gerimani huelekea kwenye chuma. Lanthani na jamii yake yote, thori na urani hubaki katika mwamba. Gimba likipata joto la kutosha, chuma huzama na kuwa kiini, kikizikokota elementi za kundi la kwanza na kuliacha koti la mawe likiwa karibu tupu.

Swali la pili ni la joto. Gesi iliyolizunguka Jua changa ilipopoa, osmi, reni na iridi ziligeuka yabisi mapema, kwenye takriban kelvini 1,600 hadi 1,800. Chuma na nikeli zilifuata karibu na 1,350. Gali na gerimani zilichelewa hadi kati ya 850 na 1,000. Kwa hiyo elementi mbili zinazopenda chuma sawasawa, tuseme iridi na gerimani, zinaweza kutofautiana sana kwa sababu moja ilikuwapo malighafi ilipokusanyika na nyingine ilikuwa bado mvuke, au ilifukuzwa na joto baadaye. Tenganisha athari hizi mbili na nusu ya kazi imekwisha.

Vimondo vya chuma

Hapa ndipo elementi haba zimetoa matunda mengi zaidi, na ndipo inapofaa kukaa. Mwaka 1951 Goldberg, Uchiyama na Brown walipima gali katika vimondo vya chuma wakaona kwamba thamani hazisambai ovyo, bali hujikusanya katika mafungu. Mwaka 1957 gerimani iliongezwa na mafungu yakapewa namba I hadi IV. Kuanzia 1967 John Wasson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyachambua upya na kuongeza herufi, na majina yaliyotokana na kazi hiyo, kama IIAB au IVA, ndiyo tunayoyatumia.

Anza na gali na gerimani, kwa sababu ndani ya kundi moja hubadilika kidogo na kati ya kundi na kundi hubadilika sana. Kundi la IIAB lina gali takriban 46 hadi 62 na gerimani 107 hadi 185. IIIAB, lililo kubwa kuliko yote, lina gali 16 hadi 23 na gerimani 27 hadi 47. IVA lina gali karibu 2 na gerimani karibu 0.12. IVB, ambalo ndilo la kimondo kikubwa cha Hoba huko Namibia chenye takriban tani 60, lina gali karibu 0.2 na gerimani karibu 0.05. Tuseme jedwali lako linaonyesha gali 20, gerimani 40 na nikeli asilimia 8.5: umefika IIIAB, familia ya kimondo cha Cape York cha Greenland.

Sasa uliza kwa nini gerimani ya IVB ni ndogo kiasi hicho. Usilinganishe gerimani peke yake. Igawanye kwa nikeli, kwa sababu nikeli nayo hupenda chuma na haivukiki kwa urahisi. Katika Ivuna, gerimani kwa nikeli ni takriban 0.003. Katika IVB, yenye nikeli karibu asilimia 17, uwiano huo ni takriban 0.0000003, yaani pungufu mara elfu kumi. Iridi kwa nikeli, kinyume chake, imezidi ile ya Ivuna mara mbili au tatu. Kiini kujitenga na koti hakuwezi kufanya hivyo, kwa kuwa iridi na gerimani zote zingeingia humo. Ni joto: gimba mama la IVB lilikosa elementi zinazovukika, ama tangu lilipoundwa, ama baada ya kuvunjwa na mgongano likiwa bado la moto.

Ukishajua kundi, tafuta mahali pa kimondo chako ndani ya kiini. Chuma kilichoyeyuka kinapoganda polepole, iridi hukimbilia kwenye yabisi na dhahabu hubaki katika kiowevu. Kanuni ni fupi: kiasi katika yabisi inayoganda sasa, ukikigawanya kwa kile cha yabisi ya kwanza, ni sawa na F iliyopandishwa kwenye kipeo cha D kutoa 1, ambapo F ni sehemu ya kiowevu iliyobaki na D ni uwiano wa elementi katika yabisi kwa kiowevu. Chukua D ya iridi kuwa 4. Kiowevu kikibaki nusu, iridi ya chuma kinachoganda imeshuka mara 8. Kikibaki sehemu moja ya kumi, imeshuka mara 1,000. Dhahabu, ukichukua D kuwa 0.3, itakuwa imepanda mara 5 tu. Hii ndiyo sababu iridi katika IIIAB huanzia karibu gramu 20 kwa tani na kuishia 0.01, ilhali gali na gerimani, ambazo D zake hazikai mbali na 1, zimetulia.

Chora basi iridi dhidi ya dhahabu kwa vipimo vya logarithimu. Vimondo vya kiini kimoja hujipanga katika mkondo unaoteremka kwa ukali, na chako kikiangukia juu kushoto kiliganda mapema. Kikiangukia chini kulia kiliganda mwishoni. Usitarajie mstari ulionyooka kabisa. Salfa hubaki katika kiowevu na kuongezeka, na inapoongezeka D ya iridi hupanda, hivyo mkondo hujikunja. Zaidi ya hayo baadhi ya vimondo ni mchanganyiko wa yabisi na kiowevu kilichonaswa humo.

Kundi la IAB, la kimondo cha Canyon Diablo kilichochimba shimo kubwa la Arizona, halitii mkondo huu. Iridi yake hubadilika kidogo, na ndani ya chuma mna vipande vya mawe ambavyo kiini kilichotulia kingevitupa nje. Wengi huamini chuma hicho kiliyeyushwa na migongano na kubaki kama madimbwi, kikiwa hakijawahi kuwa kiini kamili. Ukiona iridi imelala bapa, usilazimishe kanuni ya hapo juu.

Pia kuna visivyo na kundi. Kimondo cha Mbozi, kilichopo katika mkoa uleule wa Songwe, chenye uzito wa takriban tani 16 na nikeli karibu asilimia 8.7, hakiingii katika kundi lolote lililokubaliwa, na kwa kuwa kanuni hudai angalau vimondo vitano vinavyofanana ndipo kundi lipewe jina, kimebaki katika orodha ya wapweke. Huo si upungufu wa uchambuzi. Ni ushahidi kwamba magimba yaliyoyeyuka yalikuwa mengi kuliko makundi yenye majina.

Vimondo vya mawe visivyoyeyuka

Kwa kondriti za kawaida njia ni fupi. Pima iridi na nikeli, kwa sababu makundi H, L na LL yalipata chuma kwa viwango vinavyoshuka: iridi takriban 0.8, 0.5 na 0.4, na nikeli takriban asilimia 1.7, 1.2 na 1.0. Mvua ya vimondo ya Mbale, Uganda, ya tarehe 14 Agosti 1992, ni ya L. Mipaka hugusana, hivyo thibitisha kwa chuma kilichomo katika madini ya olivini.

Kwa kondriti zenye kaboni, tumia jozi nyingine: elementi sugu kwa joto upande mmoja, zinki upande wa pili. Ivuna ina zinki takriban 310. Allende, ya kundi CV, ina karibu 110, huku elementi zake sugu zikizidi za Ivuna kwa takriban theluthi moja baada ya kugawanywa kwa magnesi.

Mawe yaliyoganda kutoka magma

Iridi ikiwa karibu haipo, gimba mama lilikwisha kuunda kiini, na sasa utegemee jamii ya lanthani. Gawanya kwa Ivuna na uchore kuanzia lanthani hadi luteti. Yukriti (aina ya kimondo cha mawe ya lava) ya Juvinas, iliyoanguka Ufaransa mwaka 1821, hutoa mstari bapa kwenye takriban mara 10 ya Ivuna, jambo linaloonyesha lava iliyotokana na koti lenye uwiano wa kondriti.

Macho yaelekee kwenye europi. Katika mazingira yenye oksijeni kidogo, sehemu kubwa ya europi huwa na chaji mbili na kuingia mahali pa kalsiamu katika madini ya plajioklezi, wakati jirani zake zenye chaji tatu zinabaki nje. Kokotoa europi iliyogawanywa, kisha ugawanye kwa kipeuo cha pili cha zao la samari na gadolini zilizogawanywa. Chukua mfano wa kubuni wenye samari 0.30, europi 0.34 na gadolini 0.45: baada ya kugawanya kwa Ivuna unapata 2.04, 6.07 na 2.28, na jibu ni takriban 2.8. Thamani iliyo juu sana ya 1 inasema mwamba ulikusanya fuwele za plajioklezi. Iliyo chini inasema plajioklezi ilikwisha kuondoka katika magma kabla mwamba wako haujaganda, au ilibaki katika chanzo.

Mchoro huo hueleza tukio, na anwani hutafutwa kwingine. Uwiano wa chuma kwa manganisi hutofautiana kati ya gimba na gimba, ukiwa karibu 70 kwa mawe ya Mwezi na karibu nusu ya hapo kwa yukriti, ambazo tunazihusisha na asteroidi Vesta kwa mwanga wake na kwa vipimo vya chombo Dawn kilichoizunguka mwaka 2011 na 2012. Wakati mwingine elementi haba hufika hadi mtaani: kimondo cha Sayh al Uhaymir 169, kilichookotwa Oman Januari 2002, kina thori takriban gramu 33 kwa tani, zaidi ya mara elfu ya Ivuna, na ramani ya thori iliyochorwa na chombo Lunar Prospector mwaka 1998 na 1999 inaonyesha viwango vya juu hivyo vimejikusanya upande wa Mwezi unaotuelekea, kandokando ya bonde la Imbrium.

Kulitaja gimba mama

Elementi haba pekee zinaweza kukudanganya pale magimba mawili yalipopitia joto linalofanana. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba vimondo viwili ni vya gimba moja, ongeza isotopu (atomi za elementi moja zenye tungamo tofauti) za oksijeni kwa mawe na za molibdeni kwa chuma. Molibdeni imeonyesha kwamba IVB ni ya upande wa kondriti zenye kaboni, ilhali IIIAB na IVA ni za upande mwingine, utengano ambao gali na gerimani hazikuuonyesha. Andika basi kwa daraja: “kundi fulani” ukiwa na elementi haba, “gimba moja na kimondo fulani” ukiwa na isotopu pia, na jina la asteroidi pale tu ambapo chombo kimefika huko.

Daraja hilo la mwisho limefikiwa kwa asteroidi Ryugu. Chombo Hayabusa2 cha Japani kilileta takriban gramu 5.4 mnamo Desemba 2020, na kemia yake ni ya kundi la Ivuna, isipokuwa kwamba chembe hizo hazina salfati, ambazo Orgueil inaonekana kuzipata kutokana na unyevu wa dunia baada ya kuanguka. Ukitumia thamani za Ryugu kugawanyia, ruka tantali: risasi zilizofyatuliwa kurusha chembe juu zilikuwa za tantali.